Koti Lililogeuzwa

Kushona sikufundishwa na mtu. Nilistaafu ukarani wa ghala nikapewa saa ya ukutani, na mwezi wa pili wa kukaa nyumbani mke wangu akaniambia nichague: ama nitafute kazi ya mikono, ama niache kumfuata jikoni nikimhesabia vitunguu. Nikanunua cherehani ya kukanyaga kwa mjane wa fundi mmoja. Nikachukua shati langu mwenyewe, nikalifumua lote, mshono kwa mshono, kisha nikalirudisha. Liliporudi, mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake, lakini lilikuwa shati, na mtu akiliona aliliita shati. Hiyo ndiyo shule yangu mpaka leo, na cheti kingine sina.

Mke wangu anauza mitumba sokoni. Nguo ambayo wateja wameishika wakaitupa, wakaishika tena wakaicheka, anarudi nayo jioni na inakuwa yangu. Gauni la mke wa jitu nimelifanya sketi mbili na foronya ya mto. Suruali moja niliipunguza kiuno mpaka mifuko miwili ya nyuma ikakaribiana, ikapeana mikono, ikaanza kuulizana habari za nyumbani. Mwenyewe aliponung'unika nilimwambia huo ni mfuko mmoja wenye milango miwili, na akaenda nayo kazini miaka mitatu. Lakini sifa yangu kubwa ni kola. Kola ya shati ikichakaa unaifumua, unaigeuza, upande wa ndani unakuja nje, na shati linapata umri mwingine. Kuna karani mmoja nilimgeuzia kola ileile mara nne, mpaka kola yenyewe ikawa haijui ilizaliwa ikitazama wapi.

Nayasema haya ili ujue jeuri yangu ilitoka wapi.

Kaka yangu tunamwita Rula. Alikuwa mchoraji wa ramani za majengo, na jicho lake linaona kilichopinda kabla wewe hujaona kwamba kuna kitu. Akiingia kwako ananyoosha kwanza picha ya ukutani, ndipo anatoa salamu. Ana binti mmoja tu. Miaka tisa iliyopita binti huyo aliolewa na mtu ambaye kaka hakumpitisha, kana kwamba ni ramani imeletwa mezani pake kugongwa muhuri, na siku ya harusi Rula alikaa nyumbani akichonga penseli. Tangu hapo, kimya. Mama wa binti alikwisha fariki zamani, kwa hiyo hapakuwa na mpatanishi ila mimi, na mimi wote wawili wananiita mwongo.

Basi Jumatatu moja binti akanipigia simu.

"Baba mdogo, mwambie baba aje Jumamosi. Nitakuwa stendi kumpokea, basi lile linalofika saa nane. Wajukuu wawili hajawahi kuwaona. Nimechoka, baba mdogo. Sitaita tena baada ya hii."

Nikampelekea kaka maneno hayo yalivyo, bila kuyatia chumvi, na wanaonijua watakwambia hilo lilinitoa jasho. Alikaa muda mrefu akipangusa miwani ambayo ilikuwa safi. Siku hizi amekonda. Shati likiwa mwilini mwake utadhani bado liko kwenye hanga.

"Nitakwenda," akasema. "Lakini si hivi. Nitafutieni koti. Sitaki mtoto anione nimenywea, akaanza kunihurumia kabla hatujasalimiana."

"Koti tu?"

"Koti lililokaa sawa."

Jumanne jioni mke wangu alirudi, akavua viatu mlangoni, akaketi sakafuni na miguu yake mbele yake kama mzigo wa mtu mwingine alioachiwa auangalie. Humvimba kila siku ya soko. Akanitupia koti.

"Nimepindua mabunda matatu," akasema. "Hilo ndilo pekee la kimo chake. Usinisemeshe kwanza."

Lilikuwa koti la sufu nyepesi, kijivu, kazi ya mtu aliyeijua kazi. Mabega yamekaa, mifuko imekaa. Kasoro ilikuwa moja: lilitundikwa dirishani mwa duka huko lilikotoka, pengine tangu enzi za babu zao, maana jua lilikuwa limeila nusu nzima ya mbele, ikawa rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Nikafunua bitana, kile kitambaa laini cha ndani, nikachungulia mgongo wa ile sufu. Kijivu kizito, kizima, hakijapigwa jua tangu kiwandani.

"Nitaligeuza," nikasema.

Mke wangu akafumbua jicho moja. "Umewahi kugeuza koti?"

"Koti ni nini, bibie? Ni kola kubwa."

"Mzee, lipake rangi, litie kiraka, fanya lolote unaloliweza. Shemeji yangu yule anatafuta sababu ya kutokwenda. Usimpe."

"Nitampa koti."

"Haya," akasema, akalifumba jicho.

Nilifumua Jumatano nzima. Uzi wa kijivu kwenye sufu ya kijivu ni adui asiye na sura. Unalenga mshono, unakuta umelenga kitambaa. Nikang'oa mikono, nikang'oa kola, nikatenga bitana, kila kipande nikakitia alama ya chaki ili nisije nikamshonea kaka yangu mkono shingoni. Kufikia adhuhuri mgongo wangu ulikuwa umekataa kunyooka, na alasiri ukakataa kupinda, nikawa sina namna ya kukaa. Nikavigeuza vipande vyote ndani nje, nikapiga bandi, ule mshono wa muda, kwa uzi mweupe, nikarudi kwenye cherehani. Mke wangu anasema alinikuta nimesinzia, miguu inakanyaga yenyewe, na mshono nilioshona usingizini ulikuwa umenyooka kuliko wa macho. Sina la kubisha.

Alhamisi asubuhi nilirudisha bitana, nikalipiga pasi, nikalitundika. Lilipendeza, nakiri. Kijivu kama siku ile sufu ilipotoka kiwandani.

Rula alikuja mchana. Akavua miwani, akaivaa, akalizunguka koti mara mbili bila kusema, na kwake hiyo ni sifa. Akaingiza mikono. Likamkaa. Kifua kikaonekana kipo, mabega yakaonekana yapo. Mke wangu, ambaye siku hiyo hakwenda sokoni kwa ajili ya miguu, alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

Kisha kaka akataka kufunga kifungo.

Mkono wake wa kulia ulikwenda kutafuta kifungo mahali ambapo vifungo vya makoti ya wanaume vimekuwa tangu wanaume walipoanza kuvaa makoti. Ukakuta tundu. Mkono wa kushoto ukaenda kutafuta tundu, ukakuta kifungo. Mikono ikasimama hewani.

Kola, ukiigeuza, haina habari. Pande zake zinafanana. Hakuna mtu duniani atakayejua. Lakini koti lina kushoto na kulia. Kilichokuwa kushoto, ukikigeuza ndani nje, kinahamia kulia. Vifungo vilikuwa vimehama. Matundu yamehama. Na kile kimfuko cha kifuani cha kuwekea kalamu, ambacho siku zote hukaa juu ya moyo, kilikuwa upande wa pili kabisa, kinanitazama.

"Ndivyo wanavyovaa mabalozi siku hizi," nikasema.

"Mabalozi gani?"

"Wa nchi za baridi. Mkono wa kulia wanauacha huru kwa kusalimiana."

"Nchi za baridi ni nyingi," akasema Rula. "Taja moja."

Mke wangu akakohoa. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu siku ile haikufika hata mlangoni.

"Mdogo wangu," akasema kaka, taratibu, "hili linafungwa kama la mwanamke."

Akalivua. Akalikunja vizuri, bega kwa bega, akaliweka juu ya cherehani. Nilingoja anigombeze. Huyu ni mtu aliyewahi kurudisha kijiko hotelini kwa sababu kimepinda. Hakunigombeza.

"Si neno," akasema. "Umejitahidi. Mwambie mtoto nitakwenda siku nyingine."

Na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyeambiwa kikao kimeahirishwa.

Alipotoka, mke wangu alilisogeza beseni la maji ya moto, akatumbukiza miguu.

"Umeuona uso wake?"

"Nimeuona."

"Amefurahi."

"Nimeuona, bibie."

"Umemfungulia mlango wa nyuma, naye kapita."

"Nitaurudisha. Kesho mpaka saa kumi litakuwa tayari."

"Macho unayo?"

"Ya kesho ninayo. Ya leo ndiyo yamekwisha."

"Na mgongo?"

"Nitaazima."

Akaguna. "Nitakutungia sindano. Ukingoja utunge mwenyewe tutafika mwaka mpya."

Ijumaa tukaanza mapema, yeye na beseni lake, mimi na kosa langu. Matundu matatu ya zamani niliyaziba kwa mkono, uzi juu ya uzi, yakawa makovu. Mahali pabaya pa kuwa na kovu ni kifuani kwa mtu kama Rula. Lakini hapo ndipo vifungo vilipotakiwa kukaa sasa, kwa hiyo nikashona kila kifungo juu ya kovu lake, na kovu likawa halina la kusema. Upande wa pili nikatoboa matundu mapya. Kukata tundu kwenye nguo ya mtu ni sawa na kutamka neno, ukishalitoa limetoka. Nilishika kisu, nikakiweka chini, nikakishika tena.

"Kata," akasema mke wangu.

"Nakata."

"Unakisifu tu. Kata."

Nikakata. Nikayazungushia uzi, mshono mdogo mdogo mpaka vidole vikafa ganzi na subana, kile kikofia cha kukinga sindano, ikawa inacheza kwenye kidole kama pete ya kuazima. Matatu hayo yalinila mpaka saa saba.

Ukabaki mfuko. Tundu ukiliziba, kifungo kinalificha. Mfuko umechanwa urefu wa kidole kizima, na hakuna kifungo cha ukubwa huo labda uazime kifuniko cha sufuria. Nikiushona kuufunga, mstari unabaki. Nikitia kiraka, kiraka kinabaki. Niliutazama mpaka nikaona miwili.

"Weka mwingine," akasema mke wangu.

"Mwingine wapi?"

"Upande wa kushoto. Watu wakiona mmoja mahali pasipo pake watauliza. Wakiona miwili watajua ulikusudia."

Miaka thelathini na tisa nimeishi na mwanamke huyu nikidhani fundi ni mimi.

Nikakata kipande cha sufu kutoka ndani ya pindo, nikakikunja, nikakipachika kushoto kikae kama mdomo wa mfuko. Nyuma yake hakuna kitu. Ni mdomo bila tumbo. Muda ulikuwa unakwenda, kipimo nilikiona kwa jicho moja maana la pili lilikuwa linatoa machozi lenyewe. Nikapiga pasi. Saa kumi kasorobo.

Rula aliitwa, akaja kwa miguu mizito, kama mtu anayefuata majibu ya vipimo. Alivaa. Mkono wa kulia ukaenda, ukakuta kifungo. Wa kushoto ukaenda, ukakuta tundu. Vikafungana. Akajitazama kwenye kioo cha kabati, akageuka, akajitazama ubavuni, akarudi mbele. Sisi wawili tumetulia kama wanafunzi wanaosahihishiwa daftari.

Akanyanyua kidole gumba na cha shahada, akapima kutoka begani hadi mfuko wa kulia. Akavihamisha vidole hivyohivyo upande wa pili.

"Wa kushoto uko juu," akasema.

"Kiasi gani?"

"Nusu sentimita."

Hadithi ilikuwa tayari mdomoni. Kwamba upande wa moyo hunyanyuka mtu akipumua, na mafundi wakubwa huacha nafasi kwa ajili hiyo. Nzuri, ningeiuza popote. Lakini nilikuwa nimechoka hata kudanganya, na kwangu mimi hiyo ni hali ya kukimbizwa hospitali.

"Uko juu," nikasema. "Nimekosea. Tena ni wa uongo, ukitia kidole hakiingii. Na jana hapakuwa na mabalozi, niligeuza koti bila kufikiri, kama kola. Chini ya kwapa la kulia kuna mshono umevuta. Usinyanyue mkono sana." Nikamnyooshea mkasi. "Kaa hapa ufumue wewe, upachike unavyotaka. Mimi macho yamekwisha na shemeji yako miguu imekwisha. Koti limefika mwisho wake. Zaidi ya hapo hatuna."

Akaupokea mkasi. Akaketi kwenye kiti changu, koti bado liko mwilini, akauinamia ule mfuko kidevu kikigusa kifua. Alikaa hivyo mpaka nikadhani amelala. Kisha akauweka mkasi juu ya cherehani.

"Si mfuko," akasema.

"Tunajua si mfuko," akasema mke wangu kutoka sakafuni.

"Nimeandika kwenye karatasi. Maneno ya kumwambia nikishuka pale stendi. Naandika, nafuta. Tangu Jumatatu naandika na kufuta, karatasi imetoboka. Yote yamepinda." Akavua miwani. "Miaka tisa, shemeji. Mtu anaanza na neno gani?"

Mimi ndiye mwenye maneno katika ukoo huu. Nikatafuta, nikakuta ghala tupu.

"Mtoto yule ni wako," akasema mke wangu. "Koti hilo akiliona tu, kasoro ataiona kabla hajauona uso wako. Basi anza na kasoro. Mseme mdogo wako. Kumsema huyu mtu ni kazi nyepesi, hata majirani wanaiweza."

Rula alinitazama. Hajawahi kuniomba ruhusa ya kitu tangu tuzaliwe.

"Nisemeni," nikamwambia. "Mpaka mchoke."

Hakusema atakwenda, hakusema haendi. Aliaga, akaondoka na koti mwilini, na tulimsikia kwenye korido amesimama kidogo, tukajua ananyoosha kitu cha jirani.

Jumamosi sikugusa cherehani. Vipande vya sufu vilikuwa bado sakafuni na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuinama. Sikumpigia kaka asubuhi. Mke wangu alikataza. Alisema mtu akisukumwa hugeuka nyuma kuona nani anasukuma. Saa nane ikafika. Saa tisa ikafika. Mke wangu alikuwa kwenye mkeka, ameinua miguu juu ya stuli, anajifanya hasikilizi saa yangu ya ukutani. Saa tisa na robo alikuwa ameacha kujifanya, amelala kweli, mdomo wazi. Simu ikalia nusu saa baadaye.

"Baba mdogo." Sauti ya binti ilikuwa imekwama puani.

"Amekuja?"

"Basi lilichelewa. Ameshuka, hata begi hajaliweka chini, ananiambia: 'Tazama baba yako mdogo alivyonivalisha. Mfuko wa kushoto uko juu nusu sentimita.' Miaka tisa, baba mdogo. Hilo ndilo neno la kwanza."

"Nawe ukasemaje?"

"Nikapima." Nikamsikia anavuta pumzi, anaiachia. "Nikamwambia si nusu, ni robo."

"Ni nusu," ikasema sauti ya kaka yangu, karibu kabisa na simu.

"Ni robo, baba. Umepima toka begani, na bega lenyewe umelipindisha. Kaa wima."

"Mko wapi sasa?" nikauliza.

"Bado stendi. Tuko kwenye benchi. Mwanangu mdogo amelala mapajani kwake, kwa hiyo hawezi kukaa wima, na bila kukaa wima hatuwezi kupima." Akaanza kucheka, au kulia, simu yangu ni ya zamani haitofautishi. "Tutakupigia tukifika nyumbani. Usimwamini akisema nusu."

Nikaweka simu juu ya cherehani. Nilitaka kumwamsha mke wangu nimweleze, nikaona uvimbe wa miguu umeanza kunywea, nikamwacha. Nitamweleza akiamka. Nami ninavyojijua, mpaka wakati huo mfuko utakuwa umepanda hadi shingoni.